Lupita Nyong'o kabla ya kujulikana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapokaa na vijana wa maigizo, jina la mwigizaji Lupita halichelewi kutajwa. Na karibu kila mara kisa chake husimuliwa kwa haraka mno: binti wa mwanasiasa alikwenda Marekani, akapata filamu moja, 12 Years a Slave, akashinda Oscar, tuzo kuu ya filamu Marekani. Husimuliwa kana kwamba aliamka asubuhi moja akakuta tuzo mlangoni. Kati ya siku alipopanda jukwaani Nairobi akiwa msichana wa miaka 14 na usiku wa 2 Machi 2014 alipopokea Oscar kuna miaka 16 hivi ya kazi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hakuna aliyeiona. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa zaidi, nami nimeyajibu kwa kirefu pale panapostahili.

Lupita ni Mkenya au ni Mmexico?

Vyote viwili. Alizaliwa tarehe 1 Machi 1983 katika Jiji la Mexico. Wazazi wake, Wajaluo wa Kenya, walikuwa wameondoka nyumbani kwa sababu ya hali ya siasa ya miaka ile, na baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alikuwa akifundisha huko katika chuo cha El Colegio de México. Mtoto hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja familia iliporudi Kenya. Alikulia Nairobi.

Jina Lupita ni ufupisho wa Guadalupe, jina la kawaida kabisa kwa wasichana wa Mexico. Wazazi walifuata desturi ya Kijaluo ya kumpa mtoto jina kulingana na mahali au mambo yaliyokuwapo alipozaliwa. Ana pia jina la Amondi, ambalo Wajaluo humpa msichana aliyezaliwa alfajiri. Ninalipenda jina hilo kwa sababu moja: Oscar alipewa Jumapili usiku huko Los Angeles, lakini kwetu ilikuwa Jumatatu alfajiri. Habari zake ziliingia Nairobi saa ile ile ya jina lake.

Alianza kuigiza lini, na wapi?

Shuleni, kama wengi wetu. Alisoma Rusinga School jijini Nairobi, na huko alipata kisehemu kidogo katika mchezo uliotokana na kisa cha Oliver Twist. Baadaye alisema filamu ya The Color Purple ndiyo iliyomfungua macho. Aliwaona Whoopi Goldberg na Oprah Winfrey, wanawake weusi kama yeye, na akaona kwamba kazi hii inaweza kuwa yake pia.

Jukwaa lake la kwanza la watu wazima lilikuwa la Phoenix Players, kundi lililoanzishwa na James Falkland na ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na ukumbi wake katika jengo la Professional Centre, Parliament Road. Akiwa na miaka 14 alipewa nafasi ya Juliet katika Romeo na Juliet.

Hapa naomba tutue kidogo. Juliet wa Shakespeare hajatimiza miaka 14. Kwa hiyo Nairobi ilipata jambo ambalo kumbi nyingi duniani hazipati: Juliet wa umri wake hasa. Lakini kwa mwigizaji mwenyewe ni mzigo mzito. Maneno ni mengi, lugha ni ya zaidi ya miaka 400 iliyopita, na ukumbi ni mdogo kiasi kwamba mtazamaji wa safu ya mbele anaona mkono ukitetemeka. Anayejifunza mahali pa namna hiyo anajifunza mapema kwamba uso hauwezi kudanganya. Nikitazama filamu zake leo, ule utulivu wa macho yake ninaouona kwenye kamera nauhusisha na ukumbi mdogo wa Nairobi kabla ya kuuhusisha na Marekani.

Aliigiza na Phoenix katika michezo mingine pia, ikiwemo On the Razzle na There Goes the Bride. Zote mbili ni za kuchekesha, na watu husahau kwamba alipitia vichekesho kwanza.

Ni kweli alirudi Mexico akiwa kijana?

Ndiyo. Akiwa na miaka 16 wazazi walimpeleka kwa miezi saba ili ajifunze Kihispania, na akaishi katika mji wa Taxco. Aliporudi alisoma St. Mary's School, Nairobi, na kumaliza mwaka 2001. Ukihesabu Kijaluo, Kiswahili, Kiingereza na Kihispania, alifika chuoni akiwa na lugha nne. Kwa mwigizaji hiyo si sifa ya kujivunia tu. Sikio lililozoea kuhama lugha hushika lafudhi upesi, na lafudhi ndiyo iliyokuja kumpa kazi: mtumwa wa Louisiana, msichana wa Liberia, mama wa Katwe, Uganda.

Je, aliwahi kufanya kazi nyuma ya kamera?

Aliwahi, na sehemu hii ya maisha yake ndiyo ninayotamani kila kijana aijue. Akisomea filamu na maigizo katika chuo cha Hampshire, Massachusetts, alifanya kazi katika vikosi vya utayarishaji wa filamu kadhaa. Ya kwanza kati ya zinazojulikana ni The Constant Gardener ya mwongozaji Fernando Meirelles, iliyotoka mwaka 2005 na kupigwa kwa sehemu kubwa Kenya, Kibera ikiwemo. Ikafuata The Namesake ya Mira Nair, ya mwaka 2006, kisha Where God Left His Shoes, ya mwaka 2007.

Aliyewahi kuwa msaidizi kwenye seti anajua kazi hiyo ilivyo. Unaamka kabla ya jua. Unapeleka karatasi za ratiba, unaita waigizaji, unazuia wapita njia wasiingie kwenye picha, unatafuta maji ya kunywa, na jina lako linapita mwishoni watu wakiwa wameshainuka kwenye viti. Lakini unaona kila kitu. Unaona nyota mkubwa akirudia sentensi moja mara 12 bila kulalamika. Unaona siku nzima ikipotea kwa sababu ya wingu.

Katika seti ya The Constant Gardener alikutana na nyota wake, Ralph Fiennes, akamwambia kwamba anataka kuwa mwigizaji. Lupita amesimulia mara nyingi kwamba Fiennes alivuta pumzi, kisha akamshauri aigize tu ikiwa anahisi hawezi kuishi bila kuigiza. Halikuwa jibu alilolitarajia. Miaka kadhaa ikapita kabla hajajiunga na chuo cha uigizaji.

Filamu yake kuhusu ualbino ni ipi?

In My Genes. Aliiandika, akaiongoza na kuitayarisha mwenyewe, na ilianza kama kazi yake ya kuhitimu Hampshire. Ni filamu ya hali halisi kuhusu maisha ya Wakenya wanane wenye ualbino: wanavyotazamwa barabarani, wanavyoitwa, wanavyopenda na kupendwa.

Ilitoka mwaka 2009. Wakati huo ng'ambo ya mpaka, Tanzania, watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, na vyombo vya habari vilikuwa vimejaa damu. Filamu hii inaongea kwa sauti ya chini zaidi. Inawapa wenyewe nafasi ya kusema, nasi tunabaki kusikiliza. Naiona kama kazi muhimu kuliko inavyopewa sifa, kwa sababu hapo ndipo unapomwona Lupita akijifunza kusikiliza mtu ambaye ngozi yake imemfanya atazamwe badala ya kuonekana. Miaka mitatu baadaye alimwigiza Patsey, mtumwa katika 12 Years a Slave, na swali lilikuwa lile lile.

Alikuwa katika Shuga?

Ndiyo, na kwa watazamaji wengi wa Afrika Mashariki hapo ndipo alipofahamika mara ya kwanza. Shuga ilianza mwaka 2009 kama tamthilia ya MTV ya kuwaeleza vijana kuhusu virusi vya UKIMWI, na misimu yake miwili ya kwanza ilipigwa Nairobi. Lupita alikuwa Ayira, mwanafunzi mrembo wa chuo kikuu mwenye tamaa ya maendeleo na mahusiano yanayomvuta huku na huku. Ni kazi ya kuelimisha, na kazi za kuelimisha mara nyingi huwa na wahusika wa mbao. Ayira si wa mbao. Unamkasirikia, kisha unamwelewa.

Nimesikia aliongoza video ya muziki. Ni kweli?

Ni kweli. Video ya Little Things You Do, wimbo wa Wahu akimshirikisha Bobi Wine wa Uganda. Iliteuliwa kuwania tuzo ya video bora katika tuzo za muziki za MTV Afrika mwaka 2009. Hebu fikiria mwaka huo mmoja: video, tamthilia ya runinga, filamu ya hali halisi, na kuanza masomo katika chuo kikuu cha Yale, Marekani.

Kwa nini aende Yale kama tayari alikuwa anaigiza?

Kwa sababu kipaji na ufundi ni vitu viwili. Pale Yale, chuo cha maigizo kina kozi ya uigizaji ya miaka mitatu, na wanaochukuliwa kila mwaka hawajazi hata darasa moja la shule zetu za msingi. Unafundishwa kupumua, kutoa sauti bila kuumiza koo, kusimama, kuanguka, kusoma mstari wa shairi mpaka uwe wako. Lupita aliigiza huko katika michezo ya Chekhov na Shakespeare, na katika mwaka wake wa mwisho chuo kilimpa tuzo ya Herschel Williams, ambayo hupewa wanafunzi wa uigizaji wenye uwezo wa pekee. Alihitimu mwaka 2012.

Kuna jambo moja dogo la mwaka wake wa kwanza. Ukumbi wa Yale Repertory ulikuwa ukionyesha Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake katika vita vya Liberia. Lupita aliwekwa kuwa mwigizaji wa akiba: unakariri nafasi yote ya mtu mwingine, unakaa nyuma, unasubiri siku atakayougua. Tutairudia tamthilia hiyo baadaye.

Alipataje nafasi ya Patsey?

Kwa usaili, kama kila mtu. Mwongozaji Steve McQueen alikuwa akimtafuta Patsey wa 12 Years a Slave, na amesema waliwatazama wanawake zaidi ya 1,000. Lupita alikuwa anamalizia Yale. Alituma mkanda, akaitwa Los Angeles, kisha akasafiri hadi Louisiana kuigiza mbele ya McQueen mwenyewe. Filamu ilipigwa kiangazi cha 2012. Kwa maneno mengine, alitoka kwenye joho la mahafali moja kwa moja akaingia kwenye shamba la pamba.

Patsey alikuwa mtu wa kweli?

Alikuwa. Solomon Northup, Mmarekani mweusi aliyezaliwa huru, alitekwa mwaka 1841 na kuuzwa utumwani Louisiana. Alipookolewa aliandika kitabu, ndicho kilichozaa filamu hii, kikatoka mwaka 1853. Humo anamweleza Patsey, mwanamke mwenye vidole vyepesi kuliko wote shambani. Northup anasema kazi ya kawaida ya siku ilikuwa kuchuma ratili 200 za pamba. Patsey aliweza kuchuma 500. Hizo ni zaidi ya kilo 220, uzito wa magunia mawili na ushee ya mahindi, na pamba yenyewe ni nyepesi kama unyoya.

Sehemu ninayowaonyesha vijana kila mara ni ile ya sabuni. Patsey ametoweka shambani, na bwana wake, Epps, anayeigizwa na Michael Fassbender, amepandwa na wazimu. Anarudi. Alikuwa ameenda shamba la jirani kuomba kipande cha sabuni, kwa kuwa mke wa Epps kwa wivu amemnyima hata hiyo. Ananuka mpaka mwenyewe anatapika. Anajitetea kwa hesabu: ratili 500, kila siku, kuliko mwanamume yeyote pale, na kwa hilo anataka tu awe safi. Tazama jinsi Lupita anavyokishika kile kipande. Hakiinui juu kama ushahidi mahakamani. Anakikaza kiganjani kama mtu aliyeshika pesa zake za mwisho. Kisha anafungwa kwenye nguzo, anachapwa mjeledi, na kamera haikatizi wala haigeuzi uso. Mwishoni unaiona sabuni imeanguka chini.

Jambo lingine: kabla ya hapo katika filamu anaonekana amekaa kwenye nyasi akisokota vikaragosi kwa maganda ya mahindi. Ni kwa muda mfupi tu. Msichana wa kwetu yeyote aliyewahi kujitengenezea mtoto wa bandia kwa gunzi ataielewa picha hiyo bila kuelezwa. Inatukumbusha kwamba Patsey ni kijana bado.

Alishinda tuzo ngapi kwa nafasi hiyo? Kuna aliyoikosa?

Alishinda Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike, siku moja baada ya kutimiza miaka 31, akiwa Mkenya wa kwanza kuipata. Kabla yake alikuwa ameshinda ya chama cha waigizaji wa Marekani na ya wahakiki. Golden Globe na BAFTA alizikosa, zote zikaenda kwa Jennifer Lawrence. Nalitaja hili kwa sababu watu hukumbuka ushindi wake kama uliokuwa wazi tangu mwanzo, na haukuwa hivyo.

Hotuba yake inanukuliwa sana kwa ile sentensi ya mwisho kuhusu ndoto za mtoto popote alipo. Mimi huirudia zaidi sehemu ya kwanza. Kabla ya kumshukuru yeyote wa kazini alikiri kwamba furaha yake kubwa imetokana na maumivu makubwa ya mtu mwingine, kisha akaisalimu roho ya Patsey na kumshukuru Solomon kwa kukisimulia kisa chake. Sisi tuliolelewa kuwataja marehemu kabla ya kuanza kula tulimwelewa.

Baba yake ni mkubwa serikalini. Je, si ndiye aliyemfikisha hapo?

Swali la haki, na linastahili jibu la haki. Profesa Nyong'o alikuwa waziri wa huduma za matibabu kuanzia 2008, kisha seneta wa Kisumu, kisha gavana. Ukizaliwa katika nyumba hiyo unapata shule nzuri, pasipoti, vitabu, miezi saba ya Kihispania, na wazazi wasiotishika mtoto akisema anataka kuigiza. Hiyo ni faida kubwa, na vijana wa mitaa ya kawaida, Kayole ya Nairobi na Kondele ya Kisumu, wana haki ya kuitaja. Lakini jina la waziri wa Kenya halimwambii chochote mtu anayetazama mikanda ya usaili huko Louisiana. Kusema alipewa ni uongo. Kusema angeweza kufika bila msingi ule ni kuwadanganya watoto wa wengine.

Baada ya Oscar, kwa nini alirudi jukwaani badala ya kupiga filamu nyingi?

Kwa sababu alikuwa na deni na ile nafasi ya akiba. Ilipofika 2015 alikuwa ameonekana kwa muda mfupi kama mhudumu wa ndege katika Non-Stop, na alikuwa amemwigiza Maz Kanata wa Star Wars, kiumbe wa kompyuta ambaye ndani yake huuoni uso wa Lupita kabisa. Wengi walinung'unika kwamba Hollywood imempa tuzo kisha ikamficha. Yeye akachagua Eclipsed, safari hii kama mhusika mkuu. Ilianza katika ukumbi wa Public Theater, New York, mwaka 2015, kisha ikahamia Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za jiji hilo, katika John Golden Theatre, ilikofunguliwa rasmi tarehe 6 Machi 2016. Mwandishi, mwongozaji Liesl Tommy, na waigizaji wote watano walikuwa wanawake weusi. Broadway haikuwa imewahi kuona hivyo.

Kisa kinatokea katika kambi ya waasi Liberia, mwaka 2003. Wanawake waliotekwa wameoanishwa na kamanda mmoja, na wanaitana kwa namba badala ya majina: Namba Moja, Namba Tatu. Lupita ni Msichana, ambaye mwanzoni amefichwa chini ya beseni ili kamanda asimwone. Kamanda mwenyewe haonekani jukwaani hata mara moja. Wanawake wanasimama ghafla kwa mstari, wanatazama mbele, mmoja anajua ameitwa, anatoka. Anarudi baadaye, anachukua kitambaa, anajipangusa, kisha mazungumzo yanaendelea kuhusu chakula na nywele. Hakuna kelele wala muziki wa kuhuzunisha. Anayetoka sehemu zetu za maziwa makuu, aliyesikia ya Kivu au ya kaskazini mwa Uganda, hahitaji kuonyeshwa zaidi ya kile kitambaa.

Alipata tuzo ya Obie, ya michezo ya nje ya Broadway, kwa maonyesho ya Public Theater, na akateuliwa kuwania Tony, tuzo kuu ya Broadway, ya mwigizaji bora wa kike. Tony hakuipata, aliipata Jessica Lange.

Anaongea Kiswahili?

Ndiyo.

Binti yangu anataka kuwa kama yeye. Aanzie wapi?

Mama, baba, aanzie karibu. Klabu ya maigizo ya shule kwanza. Baada ya hapo kuna njia za kwetu: TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni kule Bagamoyo, kwa walio Tanzania, na warsha za Maisha, Kampala, zilizoanzishwa na Mira Nair kwa watengeneza filamu wa Afrika Mashariki. Kama macho yake yako Yale, ajue kwamba tangu 2021 chuo cha maigizo cha Yale hakitozi karo, ingawa kuingia ni kugumu kuliko zamani. Na mkimwona anabeba nyaya kwenye seti ya mtu mwingine kwa malipo ya nauli, msimcheke.

Nikitaka kumfuatilia tangu mwanzo, nitazame nini?

Anza na Shuga, umwone Nairobi. Kisha In My Genes ukiipata. Kisha 12 Years a Slave, lakini usiitazame peke yako usiku. Malizia na Queen of Katwe ya mwaka 2016, iliyopigwa Kampala na Johannesburg, ambamo ni Nakku Harriet, mama mjane anayeuza mahindi na kumlea Phiona Mutesi, msichana bingwa wa sataranji. Mwongozaji wake ni Mira Nair, yule yule ambaye Lupita alimfanyia kazi nyuma ya kamera miaka kumi kabla. Katika filamu hiyo Harriet anauza nguo yake anayoithamini ili apate mafuta ya taa, mtoto asome usiku. Anaingia nayo dukani akiwa amenyoosha mgongo, na anatoka hivyo hivyo.